Bi mkubwa kakataa picha ya paka wake kwenye maua, anasema "ina kitu". Nisaidieni kukiona hicho kitu

FundiMabango (Tanga), Jumapili saa 3:20 usiku

Wakuu salaam. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwandika mabango, Tanga. Ukipita Ngamiani ukaona kibanda cha chipsi kimechorwa kuku anacheka na huku anajua fika anakwenda kukaangwa, yule kuku ni wangu. Saluni, gereji, "Usikojoe Hapa Faini 50,000", migongo ya daladala, yote naandika. Kwa kuku na vichwa vya kinyozi sijawahi kukwama. Nimekwama kwa paka.

Kuna Bi mkubwa mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, genge lake nimeliandika mara mbili. Mwezi uliopita kaniita uani kwake, kanionyesha paka wake kajilaza chini ya maua, akasema: "Nichoree huyu na maua yake. Ila sitaki lile likuku lako la kucheka. Nataka paka. Mtu akiingia sebuleni amwite nyau-nyau kabla hajanisalimia mimi. Na iwe picha ya furaha, ukutani kwangu walionuna wanatosha." Kweli, sebule nzima ni picha za pasipoti za marehemu zilizokuzwa.

Paka anaitwa Kungumanga. Dume, rangi tatu: nyeupe tumboni, mgongoni mabaka meusi na ya chungwa, usoni nusu kwa nusu kama kavaa barakoa. Ukimwangalia tu unataka kucheka. Nikasema hii kazi ya wiki moja.

Sasa mnisikilize nilivyoifanya, labda kosa mtaliona humo humo. Turubai ni sentimita 60 kwa 80, rangi akriliki. Paka hakai, ukimsogelea na karatasi anaingia chini ya kabati. Mjukuu wa Bi mkubwa akanitumia picha kumi na mbili kwa WhatsApp. Uso nimeuchukua kwenye ile iliyopigwa usiku sebuleni, maana ndiyo macho yamependeza, meusi, makubwa, yanang'aa. Mwili nimeutoa kwenye nyingine. Maua ya uani ni bogonvilia ya zambarau inayopanda ukutani na kichaka cha asumini chini yake. Bogonvilia nilikwenda kuitazama mwenyewe saa sita mchana, jua la utosi, rangi ikawa inawaka kama taarabu. Vivuli nikavipiga vya saa hiyo hiyo, vifupi, vyeusi. Asumini nikazitafuta kwenye intaneti, nikazichanua zote, nyeupe pe, kama bisi.

Nimepeleka. Bi mkubwa kavaa miwani, kakaa nayo kimya kama anasoma barua ya benki. Mwisho kasema: "Mwanangu, kazi umefanya. Manyoya nayaona. Lakini hii picha ina kitu."

Kitu gani, Bi mkubwa?

"Sijui. Paka si wangu na maua si yangu. Kaitazame, utakiona."

Nimerudi nayo nyumbani. Nikadhani ni manyoya. Nikachukua brashi nyembamba kuliko zote nilizo nazo, nikachora unyoya mmoja mmoja, usiku nne. Sasa hivi paka anafanana na mswaki. Nusu ya malipo nimeshaila, nusu iko kwenye pindo la khanga ya Bi mkubwa na naiona kila nikienda.

Picha mbili nimeziweka hapo chini, ya kabla ya mswaki na ya baada. Nambieni ukweli.


Kipara wa Kona, saa 3:41 usiku

Nimeifungua niko kwenye daladala. Jirani yangu kachungulia kaniuliza huyo mbwa ni wa nani.


FundiMabango, saa 3:44 usiku

Asante mkuu. Nimeomba ukweli, nimeupata.


Binti Makorora, saa 4:05 usiku

Kwani lazima awe paka wa kweli? Mchoree Tingatinga, macho mawili ya mviringo, mistari, maua ya duara, umemaliza kabla ya Ijumaa. Hata watalii wanayalipia.


FundiMabango, saa 4:12 usiku

Dada, nilishamgusia. Kanijibu: "Ile nimeiona tangu nikiwa msichana Dar, nzuri sana. Lakini ule ni paka wa kila mtu. Mimi nataka wangu."


MzeeWaBrashi (Dar es Salaam), Jumatatu saa 12:30 asubuhi

Kijana, nimeikuza picha yako kwenye simu ya mjukuu. Nitasema kama ninavyowaambia wanaokuja kujifunza kwangu, usinichukie.

Kwanza Tingatinga msiitaje kama njia ya mkato. Edward Saidi Tingatinga alianza kazi ile Dar mwishoni mwa miaka ya 60 kwa rangi za makopo, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki 1972, miaka michache tu kazini, na tangu hapo wangapi wamekula kwa mkono wake! Ni elimu yake na ina adabu zake. Bi mkubwa kaomba kingine, mpe kingine.

Haya, manyoya. Hukumwona paka ukamwona unyoya, hilo ndilo lililokuletea mswaki. Kunja macho mpaka yabaki nusu, kisha mtazame paka wa kweli. Utaona mabonge: bonge la mwanga, bonge la kivuli, mpaka kati ya cheusi na chungwa. Paka rangi hizo kwa brashi pana, bila unyoya hata mmoja. Unyoya uje mwisho na uje pale tu unapokatika: ukingo wa mgongo dhidi ya majani, ncha ya sikio, chini ya kidevu. Kwingine kote jicho la mtazamaji litajaza lenyewe. Na uangalie manyoya yanalalia wapi. Puani yanapanda juu kuelekea paji la uso, shavuni yanakwenda nyuma, shingoni yanashuka. Ya kwako yote yanashuka kama mvua.

Tumbo jeupe. Umelipaka nyeupe ya kopo. Nje, hakuna cheupe kilicho cheupe. Paka kalala chini ya bogonvilia, jua linapiga yale maua na kurudi tumboni kwake, kwa hiyo upande ule tumbo lina wekundu wa zambarau kidogo. Upande wa kivulini lina buluu ya mbingu. Nyeupe kavu weka mahali pawili, patatu, pale jua lenyewe linapogonga. Na kivuli usikipige kwa nyeusi ya kopo, changanya buluu nzito na kahawia nzito, kitapumua.

Akriliki ikikauka hukoza kidogo kuliko ulivyoiona ikiwa mbichi. Kwa joto la Tanga inakukaukia sahanini kabla hujapiga chafya. Weka kitambaa kibichi chini ya rangi, nyunyiza maji.

Bogonvilia umeichora petali tano kama waridi la kadi ya harusi. Nenda kachume moja. Kile chenye rangi ni vijani vitatu, vyembamba kama karatasi, na ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe kidogo katikati. Vitatu, si vitano. Bi mkubwa anayefagia yale maua kila asubuhi, mkono wake unajua ni vitatu hata kama mdomo haujui.

La mwisho, macho. Yananisumbua na sijalijua vizuri kwa nini. Kimoja nakiona: nukta ya mwanga umeiweka katikati ya mboni. Hiyo ni taa ya simu ya mjukuu. Albrecht Dürer, Mjerumani, alichora sungura mwaka 1502, picha iko Vienna kwenye jumba la Albertina. Ukilisogelea jicho la yule sungura unaona dirisha ndani yake. Jicho linaeleza mnyama yuko wapi. Paka wako yuko nje, juu yake mbingu nzima, lakini jichoni mwake kuna simu.


Kipara wa Kona, saa 1:02 asubuhi

Mzee unafundisha bure hivi au kuna namba ya kutuma?


DaktariWaMifugo (Moshi), saa 2:15 asubuhi

Mimi kuchora sijui, hata ng'ombe kwenye daftari la chuo alikuwa anatoka kama meza. Lakini kuna jambo limenishtua kwenye swali lenyewe.

Umesema Kungumanga ni dume na ana rangi tatu. Ndugu, uliangalia?

Paka mwenye nyeusi na chungwa pamoja karibu siku zote ni jike. Jeni ya rangi ya chungwa iko kwenye kromosomu X. Dume ana X moja, anapata ama chungwa ama nyeusi. Ili zitokee zote mbili zinatakiwa X mbili. Dume la rangi tatu hutokea, lakini kwa nadra sana, na likitokea mara nyingi huwa tasa.

Nasema hivi kwa sababu umemchora dume. Sisemi huko nyuma, nasema usoni. Dume ambaye hajahasiwa hujaa mashavu, kichwa kikawa kipana kama paka shume wa sokoni. Jike uso wake mwembamba, kidevu kinachongoka. Wewe umemwona mmoja wa rangi tatu, ukamwita dume kichwani, mkono ukamtii kichwa ukamjaza mashavu. Bi mkubwa anamwona mwanamke wake kaotewa ndevu, atakubalije?

Masharubu ukifika, kwa kawaida ni kama kumi na mbili kila upande, yamepangwa safu nne. Umeweka sita sita, kama katuni.


FundiMabango, saa 2:31 asubuhi

Nimempigia Bi mkubwa sasa hivi. Kacheka mpaka akakohoa. "Kazaa mara tatu chini ya kitanda changu, wewe wamwita dume! Ulikuwa unamchora kwa kumsikia?"

Na mimi kweli sikuangalia. Sauti ilikuwa nzito.


MtangaHangzhou (China), saa 9:10 alasiri

Habari za nyumbani. Mimi wa Usagara hapo hapo Tanga, niko Hangzhou mwaka wa tatu sasa. Uzi huu nimeusoma kwenye treni nikapitiliza kituo changu.

Mzee kasema macho yanamsumbua na hajui kwa nini. Mimi najua, ila si kwa ujuzi wangu, ni kisa alichotusomesha mwalimu wetu wa Kichina muhula uliopita. Kinatoka kwenye kitabu cha Shen Kuo, msomi wa hapa hapa Hangzhou wa karne ya 11, aliyeandika kila alichokiona, kuanzia nyota mpaka dira.

Kisa chenyewe: Ouyang Xiu, mwandishi mkubwa wa zama zile, alipata picha ya zamani, kichaka cha maua ya peoni, chini yake paka. Hakujua kama ni kazi nzuri au ya hovyo. Kumbuka, hapo ni mtu mwenye elimu yake, na picha iko mkononi. Akaja mkwewe wa kiukoo, waziri Wu, akaitupia jicho mara moja akasema: hii ni peoni ya saa sita mchana. Umejuaje? Akasema, maua yamejiachia wazi na rangi yake imekauka, hivyo ndivyo ua linavyokuwa adhuhuri. Ua la asubuhi lenye umande huwa limejikusanya kati na rangi ni mbichi. Na mtazame paka, mboni yake ni uzi. Asubuhi na jioni mboni ya paka ni duara, jua likipanda inasinyaa, likifika utosini inabaki mstari tu.

Yaani mchoraji yule, ambaye hata jina hakuliacha, alilipatanisha ua na jicho kwenye saa moja.

Sasa rudi kwenye picha yako, tena na maneno yako mwenyewe. Jicho la usiku, sebuleni. Kivuli cha saa sita. Bogonvilia ya saa sita. Asumini za kwenye intaneti sijui ni za saa ngapi na wapi. Paka yule mchana ule, mboni inatakiwa iwe uzi, wewe umempa sahani mbili nyeusi. Picha yako ina saa mbili ndani yake, labda tatu. Bi mkubwa anakaa na yule paka kutwa, hawezi kulisema lakini analiona.

Na kama unataka kumfurahisha zaidi, Wachina wakimchorea mtu mzima zawadi humweka paka na kipepeo. Paka ni "mao", kipepeo ni "die", na ukiyaunganisha yanasikika karibu na neno lao la mtu aliyekula chumvi nyingi sana, wa miaka themanini na kuendelea. Ni dua ya umri mrefu. Kipepeo mmoja tu, si kundi.


Kipara wa Kona, saa 9:25 alasiri

Mnaniambia nimefuga paka miaka sita na muda wote nilikuwa na saa ndani, na betri ya ile ya ukutani nanunua?


DaktariWaMifugo, saa 9:48 alasiri

Waziri alisema kweli, ila usiitegemee kwenda kazini. Mboni haifuati jua peke yake. Paka akimwona mjusi, akiogopa, akitaka kucheza, mboni inapanuka hata mchana.


Kipara wa Kona, saa 9:52 alasiri

Basi kazi imekwisha! Fundi, usiguse jicho. Chora mjusi pembeni, paka awe anamtazama. Macho makubwa yamepata sababu, umepata na kichekesho, unalipwa kesho.


MzeeWaBrashi, saa 10:20 jioni

Kipara, ulichokisema ni cha kijanja na ndivyo wanavyofanya mafundi wavivu, wakikosea nguzo wanapanda mti mbele yake. Jua la utosi bado lingemfinya. Angepanuka kidogo, si sahani mbili. Na paka anayewinda hajilazi ubavu na tumbo juu.

Huyu kijana wa Hangzhou kanifumbua. Miaka yote naangalia mwanga unaanguka upande gani, sijawahi kujiuliza ua linasema saa ngapi.


Bi Vikuba (Unguja), saa 1:15 usiku

Asalaam aleykum. Nimengoja niwaone wanaume wangapi watapita juu ya asumini bila kuziona. Wamepita wote. Huyo wa China kazigusa kidogo akakimbia.

Mwanangu FundiMabango, mimi natunga asumini tangu sijavaa baibui. Asumini iliyochanuka pe saa sita ya mchana umeiona wapi? Asumini ni ua la usiku. Alasiri inapoingia vile vitumba vimevimba, vimefumba, ncha yake imeanza kulainika, hapo ndipo tunavichuma. Ukichelewa vikafunguka havitungiki vizuri. Tunavitunga vikiwa vimefumba, vinakuja kuchanuka vyenyewe kichwani na kifuani, magharibi na kuendelea, nyumba nzima inanukia. Asubuhi zimeshachoka, zinageuka rangi na kuanguka. Saa sita mchana kwenye kichaka utakuta majani, vitumba vidogo vya kijani-kijani vya jioni inayokuja, na zilizonyauka chini.

Bi mkubwa wako kama ana kichaka cha asumini uani, hakukipanda kwa ajili ya kukitazama. Anachuma. Ukimchorea asumini zilizochanuka juani ni kama kumchorea futari mezani saa nne asubuhi. Ndiyo maana kasema maua si yake.

Mimi sijui kuchora. Lakini ukiniuliza, paka na asumini saa yao ni moja, kumi na moja jioni. Nenda ukakae.


FundiMabango, saa 1:40 usiku

Shikamoo Bi Vikuba. Nimeinama.


FundiMabango, Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa 4:10 usiku

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa napelekwa shule na paka.

Nimekwenda siku tatu mfululizo, kuanzia saa tisa mpaka adhana ya magharibi. Bi mkubwa kanipa kigoda karibu na karo, akanambia nisimtazame Kungumanga usoni, nikamtazama kwa pembeni kama unamtazama mdai wako. Siku ya kwanza alinikalia chini ya kabati. Ya pili akatoka. Ya tatu akapita juu ya miguu yangu kama vile mimi ni tofali.

Nilikuwa na daftari la shule na penseli. Saa tisa, jua liko kwenye kiambaza, mboni ni uzi. Kumi na dakika kidogo, kama punje ya mchele. Kumi na moja na nusu, kivuli cha ukuta kimefika katikati ya ua, ni kama kokwa ya tende, ndefu, nene kati. Adhana imetoka, nyeusi tele, zile zile sahani zangu za sebuleni. Na rangi ya jicho lenyewe si kijani kama nilivyopaka. Ni kama chai ya tangawizi iliyowekwa mbele ya dirisha, pembeni kukiwa na kijani kidogo sana.

Mashavu hana. Daktari, kidevu ni kama cha mwalimu wangu wa darasa la tatu.

Bogonvilia ni vijani vitatu, nilichuma, nimeibandika kwenye daftari. Jioni ile zambarau yake inaelekea wekundu, haiwaki tena, imetulia. Na kivuli cha kumi na moja ni kirefu mno: masikio ya Kungumanga yalifika mpaka kwenye karo, kama pembe za swala. Hicho peke yake kilinifanya nicheke.

Halafu ikawa saa ya kuchuma. Bi mkubwa katoka na sinia, anachuma vitumba kwa vidole viwili, hatazami hata, anaongea na mimi habari za bei ya unga. Vitumba ni kama meno ya mtoto, vyeupe, kwenye shina vina kijani, vingine kwa nje vina wekundu kama vimeona haya. Kungumanga kaja, kakaa karibu na sinia, kajifanya haoni. Kisha mkono mmoja, taratibu, ukaingia kwenye sinia. Kimoja kikatoka. Akakipiga, kikaviringika, akakirukia, akalala nacho chali, tumbo juu, tumba limenasa kati ya sikio na lile baka la chungwa. Bi mkubwa bila kugeuka: "Kungumanga, rudisha." Hakurudisha.

Picha ikawa hiyo. Sikuhitaji kutafuta kichekesho.

Turubai lile la mwanzo nimelifunika lote kwa nyeupe, na mswaki wangu wa usiku nne ukazikwa humo. Nimeanza upya. Mabonge kwanza, Mzee, kwa brashi ya inchi mbili niliyokuwa napigia mandhari ya mabango. Tumbo limekula zambarau upande mmoja na buluu upande wa pili, mtu akilitazama peke yake atasema si jeupe, akirudi nyuma hatua tatu ni jeupe kuliko la mwanzo. Jicho moja limefumba nusu, jingine wazi, mboni kokwa ya tende. Ndani ya lile jicho, juu, nimeweka kipande cha mbingu, na chini yake kijistari cha kahawia ambacho ni ukingo wa sinia. Hakuna atakayekiona. Mimi nakijua.

Asumini zote vitumba, Bi Vikuba. Nimechanua moja tu, ya juu kabisa, nusu. Ukisema ni kosa naifunga.

Kipepeo nimeweka, mdogo, wa manjano, juu kushoto. Nikamweleza Bi mkubwa maana yake ya Kichina. Kanyamaza. Kisha: "Kipepeo sawa. Huo umri usiutaje mbele ya wageni."

Leo kaja kuiona kwangu, ikiwa bado mbichi. Hakuvaa miwani. Alisimama mlangoni akasema, "Rudisha, wewe," halafu ndiyo akanigeukia mimi akanisalimu. Pindo la khanga limefunguliwa.

Sasa nimebakiza masharubu. Nayaogopa. Manyoya yana mahali pa kujificha, sharubu halina. Leo nimeosha brashi mara tatu, mara tatu nimeirudisha mkebeni.


Bi Vikuba, saa 4:22 usiku

Hiyo moja iache, mwanangu. Daima kuna moja inayotangulia.


MzeeWaBrashi, saa 4:35 usiku

Rangi iwe nyepesi kama wino. Brashi ndefu yenye nywele chache. Anzia mdomoni kwenda nje, kwa mkono mzima toka begani, usitumie kidole. Jaribu ishirini kwenye gazeti kwanza. Pumua nje, piga, na usirudie juu yake hata kama limekuudhi.


FundiMabango, Ijumaa saa 5:50 usiku

Kushoto yameingia kumi na mbili, safi. Kulia kumi na moja. La mwisho limepinda, mbu aliniuma shingoni.


DaktariWaMifugo, saa 5:58 usiku

Paka wa kweli pia huwa nalo moja lililopinda. Acha.


FundiMabango, Jumamosi saa 12:05 jioni

Nimepita kwa Bi mkubwa jioni hii kuangalia. Analo. La kulia, tena.